Majibu ya Sampuli Yanaposubiri Gesi

Chupa ya kinywaji kinachotiliwa shaka husafiri mbali kabla ya kutoa siri yake. Hutoka kilabuni, hupokewa na Afisa Afya wa Kata, hufungwa kwa lakiri mbele ya mashahidi, huandikiwa namba, kisha hupelekwa kwenye maabara yenye uwezo wa kutambua kilichomo. Baada ya hapo huanza kusubiri, na ndipo subira ya wananchi wengi hukatika. Siku hupita, ofisi ya kata huulizwa, na jibu linalorudi huwa fupi, lisilomridhisha mtu: mashine ina tatizo la gesi.

Wapo wanaolipokea jibu hilo kama kisingizio cha kiofisi. Wapo pia wanaodhani kuwa gesi inayotajwa ni ileile ya jikoni, na kwamba tatizo lingekwisha kama mtu angetumwa dukani kubadilisha mtungi. Dhana zote mbili zinaeleweka, lakini zote hazilengi. Gesi inayozungumzwa ni ya namna nyingine, na inapopungua au kuvuja, mtaalamu anayeijua kazi yake hana budi kusimamisha upimaji. Sababu yake ni kwamba mashine iliyopungukiwa gesi haiachi kutoa majibu. Huendelea kuyatoa, ila huenda yakawa ya uongo.

Kinachotafutwa ndani ya chupa

Kileo kilichomo katika pombe ya kawaida huitwa ethanoli. Methanoli ni ndugu yake wa karibu: haina rangi, harufu yake inafanana na ya kileo, na ladha yake haimshtui mnywaji. Hutumika viwandani kuyeyushia kemikali nyingine, na huingia katika vinywaji pale mtu mwenye tamaa anapoichanganya ili kuongeza ukali kwa gharama ndogo. Ikifika mwilini, ini huigeuza hatimaye kuwa asidi ya fomiki, ambayo hushambulia mshipa wa fahamu wa jicho. Takriban mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai, zinaweza kumpofusha mtu, na mililita 30 zinaweza kumuua. Mwezi Mei 2014, nchini Kenya, watu zaidi ya 80 walipoteza maisha katika kaunti kadhaa ndani ya siku chache baada ya kunywa pombe iliyokuwa na methanoli.

Sumu hii ina hila moja mbaya. Dalili zake kuu huchelewa kujitokeza, mara nyingi kwa saa 12 hadi 24, na katika muda huo mnywaji hujiona amelewa tu kama siku nyingine. Kwa hiyo mgonjwa hasubiri maabara. Mtu aliyekunywa kinywaji kisichojulikana kisha akalalamika kuwa anaona ukungu mbele ya macho, akatapika, akaumwa tumbo au akapumua kwa kasi isiyo ya kawaida, apelekwe kituo cha afya au hospitali saa ileile. Matabibu huweza kuanza matibabu kwa kuzingatia dalili na maelezo ya ndugu, pasipo kungoja karatasi kutoka maabara.

Karatasi hiyo ina kazi nyingine mbili. Ya kwanza ni kuwalinda ambao bado hawajanywa kutoka katika pipa lilelile. Ya pili ni kumtendea haki anayetuhumiwa. Kijiji kikipata msiba, jina la muuzaji hutajwa kabla ya kaburi kufunikwa, na si kila anayetajwa ana hatia. Mama anayeuza pombe isiyo na dosari anastahili kusafishwa jina lake kwa ushahidi uleule ambao ungemtia hatiani mwenzake aliyechanganya sumu.

Kwa jicho, pua na ulimi, methanoli na ethanoli hazitenganishiki. Kazi ya kuzitenganisha kwa uhakika hufanywa na mashine iitwayo kromatografu ya gesi. Mashine za aina hiyo hutumika katika maabara za kikemia za serikali, na pia katika maabara zinazochunguza mabaki ya viuatilifu kwenye nyanya, vitunguu na mboga za majani. Yanayoelezwa hapa kuhusu pombe yanamhusu pia, kwa sehemu kubwa, mkulima anayesubiri majibu ya shehena yake.

Mbio za mita 30

Jina la mashine lina asili ya Kigiriki, na nusu yake ya kwanza ina maana ya rangi. Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea kutoka Urusi, aliianzisha njia hii mwanzoni mwa karne ya 20 alipokuwa akitenganisha rangi zilizomo katika majani. Aina inayopitisha vitu katika hali ya mvuke juu ya utando wa kimiminika ilielezwa na A. T. James na A. J. P. Martin wa Uingereza mwaka 1952. Leo mashine haioni rangi yoyote, lakini jina limebaki.

Utendaji wake ni huu. Tone dogo la sampuli, au mvuke uliokusanyika juu ya sampuli iliyopashwa joto, hudungwa kwa sindano kupitia kizibo cha mpira na kuingia katika chumba chenye joto kali. Kutoka hapo mvuke husukumwa na mkondo wa gesi safi hadi ndani ya mrija mwembamba uliozungushwa kama kamba ya kisima na kuwekwa katika tanuri. Mrija wa kawaida una urefu wa mita 30, na tundu lake la ndani halizidi sana robo ya milimita. Gesi inayosukuma huitwa gesi chukuzi, nayo huwa heliamu, haidrojeni au naitrojeni.

Kuta za mrija huo zimepakwa utando mwembamba, na kila kemikali huung'ang'ania utando huo kwa kiasi chake. Hali hiyo yafanana na watu wanaokatiza sokoni siku ya mnada. Wote huingia kwa pamoja upande mmoja, lakini asiye na haja ya kununua hutokea upande wa pili mapema, na anayesimama kwenye kila meza hutoka mwisho. Mwishoni mwa mrija kuna kigunduzi, na kila kemikali inapokifikia, kilele huchorwa kwenye skrini. Wakati wa kutokea kwa kilele humwambia mtaalamu ni kitu gani kimefika, na ukubwa wake humwambia ni kiasi gani.

Utambuzi wote, basi, umejengwa juu ya saa. Mashine haijui methanoli ni nini. Inajua tu kwamba kitu fulani kimewasili baada ya muda fulani, na inalinganisha muda huo na ule uliorekodiwa methanoli halisi ilipopitishwa. Gesi chukuzi haina kazi nyingine ila kusukuma kwa kasi ileile, kutwa nzima, leo na kesho. Kasi ikibadilika, saa yote imeharibika.

Tuchukue mfano. Tuseme kwamba katika maabara fulani methanoli hufika baada ya dakika 2 kamili, na ethanoli baada ya dakika 2 na sekunde 40. Sasa mtiririko wa gesi upungue kwa robo bila mtu kutambua. Kila kitu kitachelewa kwa kiwango hichohicho. Methanoli, badala ya kufika katika dakika ya 2, itafika katika dakika 2 na sekunde 40, ndiyo nafasi iliyotengwa kwa ajili ya ethanoli. Skrini itaandika kwamba kileo cha kawaida kimepatikana. Sumu itakuwa imevaa jina la pombe halali, na karatasi yenye muhuri itarudi katani ikisema kinywaji ni salama.

Maabara makini hujikinga na balaa hilo kwa kuweka shahidi ndani ya kila chupa ndogo ya upimaji. Shahidi huyo mara nyingi ni propanoli, kemikali ya ukoo uleule ambayo kwa kawaida haitarajiwi kuwa nyingi katika sampuli, nayo huongezwa kwa kipimo kinachojulikana. Propanoli ikifika kwa wakati wake, saa ni sahihi. Ikichelewa, kila kilele kingine kimechelewa pia, na majibu ya siku hiyo huwekwa kando. Katika maabara nyingi hapo ndipo maneno "tatizo la gesi" yanapotamkwa kwa mara ya kwanza.

Kuna hitilafu ya pili, iliyo ya kimyakimya zaidi. Mashine nyingi za kisasa hupima mgandamizo wa gesi zenyewe, na pakiwa na uvujaji mdogo huongeza gesi ili kuufidia. Muda wa vilele haubadiliki. Lakini ikiwa uvujaji uko mahali sampuli inapodungwa, sehemu ya mvuke wa sampuli hutoroka kabla ya kuingia mrijani, na vilele vyote hupungua. Methanoli iliyozidi kiwango cha hatari inaweza kuonekana kuwa kidogo. Hapa pia shahidi husaidia, kwa kuwa naye husinyaa pamoja na wengine na kumzindua mtaalamu.

Kutoka mtungini hadi motoni

Fundi asiye na uzoefu huanza kwa kufungua mashine. Aliyebobea huanza kwa kupoza tanuri, kisha hutoka kabisa katika chumba cha mashine na kwenda kuutazama mtungi.

Kuna sababu ya kupoza kwanza. Utando uliopakwa ndani ya mrija huharibiwa na oksijeni ukiwa katika joto kali, na hewa tunayovuta ina karibu asilimia 21 ya oksijeni. Mrija ulioachwa katika joto la nyuzi 200 na zaidi huku gesi imekatika unaweza kuharibika ndani ya muda mfupi, na mrija mpya ni ghali, tena huagizwa kutoka nje ya nchi. Kanuni ya wataalamu ni kwamba joto huzimwa mwanzo na gesi huzimwa mwisho.

Mtungi uliojaa huwa na mgandamizo wa bar 150 hadi 200, ilhali mtungi wa gesi ya kupikia hauzidi bar chache. Juu yake kuna regyuleta yenye geji mbili. Ya kwanza huonyesha mgandamizo uliobaki mtungini, ya pili huonyesha ule unaopelekwa mashineni, ambao kwa kawaida ni bar 4 hadi 6. Ni jambo la kushangaza jinsi matatizo mengi yanavyoishia hapo: koki imefungwa na aliyekuwa zamu ya mwisho, mtungi umekwisha, au regyuleta imelegea na haishikilii kipimo chake. Mtungi haupaswi kutumiwa hadi tone la mwisho. Unyevu na uchafu mwingine uliobaki mtungini huzidi kujitokeza kadiri mgandamizo unavyoshuka, na kwa hiyo maabara makini huubadilisha ungali na gesi kiasi.

Baada ya mtungi hufuata mabomba. Jaribio la kutafuta uvujaji ni rahisi kiasi kwamba mtu yeyote mwenye jiko la gesi angelielewa. Tanuri likiwa limepoa, koki iliyo mlangoni mwa mashine hufungwa, kisha koki ya mtungi hufungwa, na geji huachwa kwa nusu saa. Sindano ikishuka ilhali hakuna gesi inayotumika, uvujaji uko kati ya mtungi na mashine. Sindano ikitulia, uvujaji, kama upo, umo ndani ya mashine. Jaribio hilo moja hupunguza nusu ya kazi.

Nyumbani, mahali panapovuja hupatikana kwa povu la sabuni, na hiyo ndiyo njia inayofaa kwa regyuleta na mpira wa jiko. Kamwe kiberiti kisitumike. Maabarani sabuni huepukwa kwenye viungo vilivyo karibu na mashine, kwa kuwa povu linaweza kunyonywa ndani ya tundu lilelile linalotafutwa na kuchafua mrija kwa majuma. Badala yake hutumika kifaa cha elektroniki kinachonusa heliamu au haidrojeni kwenye kila kiungo. Watu huuliza jinsi hewa inavyoweza kuingia katika bomba ambalo mgandamizo wake wa ndani ni mkubwa kuliko wa nje. Huingia. Gesi hutoka kwa wingi, lakini chembe za oksijeni na unyevu hupenya kinyumenyume kupitia upenyo huohuo, na chembe chache tu zinatosha kuharibu kazi ambayo gesi yake inatakiwa kuwa na usafi wa asilimia 99.999.

Ndiyo maana njiani huwekwa vichujio vya kunasa oksijeni, unyevu na mivuke ya mafuta. Baadhi yake vina dirisha dogo lenye unga unaobadilika rangi kinapojaa. Kichujio kilichobadilika rangi siku chache baada ya kuwekwa kipya kina habari ya kueleza, nayo ni kwamba kabla yake kuna kiungo kinachovuja. Kukibadilisha tena bila kukitafuta kiungo hicho ni kutupa fedha.

Ndani ya mashine, mtuhumiwa wa kwanza ni kile kizibo cha mpira. Kila sampuli hukitoboa mara moja, na baada ya sindano mia moja hivi huwa kimechoka. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote vilivyomo humo, nacho husababisha usumbufu mkubwa kuliko vyote. Mtuhumiwa wa pili ni pete ndogo inayobana mrija kwenye chumba cha kudungia na kwenye kigunduzi. Pete za aina fulani husinyaa baada ya kupashwa joto kwa mara za kwanza, na nati iliyokazwa vizuri Jumatatu hulegea kufikia Jumatano. Fundi mzoefu hurudi kuikaza kidogo. Asiye na uzoefu huikaza kwa nguvu zake zote siku ya kwanza na kuuvunja mrija, ambao ni wa kioo na ni mwembamba kama uzi. Mwisho huangaliwa kama mrija wenyewe umevunjika au umeziba, jambo ambalo hujulikana kwa kuchovya ncha yake ya mwisho katika kimiminika na kutazama kama viputo vinatoka.

Hasara ya uvujaji haiko katika majibu peke yake. Mtungi wa lita 50 wa heliamu, ukiwa umejazwa bar 200, hutoa takriban lita 9,000 za gesi. Mashine inayotumia mililita 50 kwa dakika humaliza lita 72 kwa siku, hivyo mtungi hutosha kwa siku 125, miezi minne na ushei. Kiungo kikivuja mililita 200 kwa dakika, kiasi ambacho sikio halikisikii, matumizi hupanda hadi lita 360 kwa siku, na mtungi uleule hukauka kwa siku 25. Maabara iliyopanga kununua mitungi mitatu kwa mwaka hujikuta ikihitaji kumi na minne au kumi na mitano.

Moto usioonekana

Kigunduzi kinachotumika sana kwa pombe ni moto. Ni mwali mdogo wa haidrojeni inayoungua katika hewa, nao hauonekani kwa macho. Ili kujua kama umewaka, mtaalamu hushika kioo au spana inayong'aa juu ya tundu la kutolea moshi kwa nukta chache. Kioo kikipata ukungu wa maji, mwali uko hai, kwa sababu haidrojeni ikiungua huzaa maji.

Mwali huo una mahitaji yake. Kwa kawaida hupewa mililita 30 hadi 40 za haidrojeni kwa dakika na hewa mara kumi ya hiyo. Uwiano ukiharibika, mwali hauwaki, au huwaka na kuzimika. Hewa yake mara nyingi hutoka kwenye kompresa, na katika maeneo yenye unyevunyevu mwingi maji hukusanyika ndani ya tangi la kompresa hadi yakafika kwenye bomba. Kompresa isiyomwagwa maji kila asubuhi ni chanzo cha asubuhi nyingi zilizopotea bure.

Kukataa kwa mwali kusipuuzwe. Haidrojeni ikifikia asilimia 4 katika hewa inaweza kulipuka, na huendelea kuwa hatari hadi asilimia 75. Mtu anayebonyeza kitufe cha kuwashia mara kumi mfululizo anaijaza haidrojeni mahali isipotakiwa. Utaratibu ni kujaribu mara mbili au tatu, kufunga gesi, kupitisha hewa, kisha kutafuta sababu. Kwa tahadhari hiyohiyo, nati za mitungi ya gesi zinazowaka hufungwa kwa kuzungushwa kinyume na nati za kawaida, ili regyuleta ya gesi nyingine isiweze kufungwa juu yake kwa bahati mbaya.

Kwa nini mtungi haununuliwi mjini

Heliamu ndiyo gesi chukuzi inayopendwa zaidi, kwa kuwa haiwaki na haiungani na kitu chochote. Nayo ndiyo ngumu kupatikana. Haitengenezwi kiwandani. Huchimbwa ardhini, mara nyingi ikiwa imechanganyika na gesi asilia, na nchi zinazoizalisha kwa wingi ni chache, zikiongozwa na Marekani na Qatar. Kiwanda kimoja kikisimama huko, maabara za nusu ya dunia huanza kuhesabu mitungi yake. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kuwa Bonde la Rukwa, hapahapa Tanzania, lina akiba kubwa ya heliamu, na uchunguzi wa visima umekuwa ukiendelea tangu wakati huo. Gesi iliyo ardhini, hata hivyo, si gesi iliyo mtungini. Kati ya kisima na maabara kuna kiwanda cha kuisafisha, mitungi ya kuihifadhi na cheti cha usafi wake.

Baadhi ya maabara zimehamia kwenye haidrojeni, ambayo hutengenezwa papo hapo na chombo kinachopasua maji kwa umeme. Unafuu wake ni mkubwa, ila una masharti mawili. Maji yake lazima yawe yamesafishwa hadi kuondolewa chumvi zote, na umeme usikatike. Umeme ukikatika, tanuri hupoa lenyewe, lakini chombo cha kuzalisha gesi nacho husimama na mrija hubaki bila mkondo ungali na moto. Kwa hiyo maabara inayotegemea chombo hicho huhitaji betri ya akiba ya kuipitisha mashine hadi itakapopoa, au mtungi mmoja wa naitrojeni unaosubiri pembeni. Mtungi wa akiba unaokaa miezi bila kutumika huonekana kuwa ufujaji kwa anayepitisha bajeti. Thamani yake huonekana siku ambayo sampuli za msiba zinafika na mtungi mkuu uko sifuri, na kuagiza mwingine ni suala la majuma.

Yaliyo katika uwezo wa mkazi

Gesi ikisharejea, kazi haianzi siku ileile. Mabomba hupitishwa gesi safi kwa saa kadhaa ili kuondoa hewa iliyoingia, mrija hupashwa joto polepole, kisha hupimwa sampuli tupu isiyo na kitu, na baadaye mchanganyiko unaojulikana wa methanoli, ethanoli na propanoli. Vilele vikitokea kwa wakati wake na kwa ukubwa wake mara kadhaa mfululizo, ndipo foleni ya sampuli za wananchi hufunguliwa. Siku mbili au tatu zinazotumika hapo si za kupoteza.

Wakati huo wote sampuli iko kabatini au kwenye jokofu, na hali yake inategemea sana jinsi ilivyotoka kijijini. Methanoli na ethanoli zote huruka haraka. Chupa iliyozibwa kwa gunzi la muhindi au kwa kipande cha nailoni itafika ikiwa imepungukiwa na kile hasa kinachotafutwa, na hata mashine iliyo kamili haiwezi kupima kilichokwisha kupotea hewani. Kinywaji kibaki katika chombo chake cha awali, kikiwa na kifuniko chake, na kisimiminwe kwenye chupa ya maji au ya dawa. Chombo kikiwa kikubwa mno, Afisa Afya atachukua sehemu yake katika chupa safi ya kioo, ataijaza hadi karibu na shingo na kuifunga. Chombo kiwekwe kivulini, mbali na jiko na taa ya moto, wala kisiwekwe ndani ya gari lililoachwa juani.

Mkazi aliyetoa taarifa ana haki ya kuuliza sampuli imefika wapi. Aulize kwa kutumia namba iliyoandikwa kwenye fomu, na aulize kwa Afisa Afya wa Kata, kwa kuwa ndiye mwenye kumbukumbu ya lakiri na tarehe. Akijibiwa kuwa mashine ina tatizo la gesi, maswali mawili yanastahili kufuata: je, sampuli imehifadhiwa baridi, na je, ipo maabara nyingine yenye mashine inayofanya kazi ambako inaweza kuhamishiwa ikiwa na lakiri yake? Haya ni maswali ambayo ofisi inapaswa kuwa na majibu yake.

Kinywaji chenyewe kisiuzwe wala kunywewa kwa sababu tu majibu hayajafika. Kinachobaki kilabuni kihifadhiwe kwa maelekezo ya Afisa Afya hadi maabara itakapojibu. Mkazi yeyote mwenye kinywaji anachokitilia shaka, au mwenye ndugu aliyepoteza nuru ya macho ghafla baada ya kunywa, atoe taarifa kwa Mwenyekiti wa Kijiji au ofisi ya Mtendaji wa Kata siku hiyohiyo, usiku ukiwamo, baada ya mgonjwa kuwa njiani kuelekea hospitali.